Mguu Uliokunywa Maji

Tarehe 3 Machi

Mwanangu Chiriku,

Marahaba, tena marahaba ya kusimama, maana barua hii naiandika nikiwa wima kwenye kaunta ya duka letu la dobi, sijaegemea kitu. Sisi hatujambo. Baba yako mgongo umempoa, ila ubishi haujapoa. Bado anapanda juu ya bati mwenyewe kuziba panapovuja, na nikimkemea ananijibu, "Dada, wewe una mguu mmoja na hutulii, mimi mwenye miwili nitulie kwa nini?" Nimemwambia hesabu yake imepitwa na wakati. Sasa na mimi nina miwili.

Bi Sauti, mwenzangu wa dukani, anakusalimu. Nakufikishia salamu zake kwa maandishi, ingawa angezitoa mwenyewe kwa mdomo ungezisikia huko huko uliko.

Mwanangu, tangu sukari ininyang'anye mguu chini ya goti, nilikuwa mtu wa kigoda. Nilikaa nyuma nikishona vifungo vya mashati ya watu, na kila aliyeingia alinisalimia kwa sauti ya msibani. Jumatatu nimevuka barabara peke yangu na huu mguu ulionitengenezea. Nikachelewa katikati, dereva mmoja akanipigia honi na kunitukana. Nilifurahi, hujui! Zamani walikuwa wanasimama na kunionea huruma. Huyu kanitukana kama anavyomtukana mtu yeyote.

Ahsante. Mshukuru pia huyo mkuu wenu mnayemwita Mzee Mizani. Kuhusu maji uliyonikataza, ondoa shaka. Kazi yangu ni kaunta tu: kupokea nguo, kuandika majina, kurudisha chenji.

Ni mimi shangazi yako, ninayekanyaga.


Tarehe 27 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nyumbani kwangu wazima. Mjukuu wako jino la kwanza limeng'oka na hataki kulitupa, analala nalo mkononi. Mwenzangu naye kikohozi kimemwacha.

Barua yako niliisoma kwa sauti karakanani. Tulipofika kwa yule dereva wa matusi, Mzee Mizani alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniambia niandike tena kukushukuru kwa kukubali kuwa mtu wa kwanza nje ya karakana kuvaa mguu wetu.

Lakini Shangazi, usinishukuru kupita kiasi. Mama alipofariki sijui hata kufunga kamba za viatu, nani aliniogesha? Nani alinisuka kila Jumapili huku nikipiga kelele mpaka nikapewa jina la ndege? Miguu yangu ilisimama kwa ajili ya yako.

Siku ile ya kupimwa uliniuliza umetengenezwa na nini, nikakujibu juu juu. Kile kikombe kinachopokea kigutu chako ni nyuzi za katani zilizolazwa ndani ya gundi inayogeuka ngumu, tunaiita resini. Humo tumechanganya unga wa udongo, laini mno, chembe zake hata hadubini ya shule haizioni. Kazi ya unga huo ni kuyazungusha maji, yakitaka kupenya yakute kuta kila upande. Maana katani ni jani, Shangazi, na jani hata likikauka halisahau maji.

Kwa hiyo tumekata vipande vya malighafi ile ile ya mguu wako, vimelala kwenye beseni la maji. Tunavitoa, tunavifuta, tunavipima uzito, tunavirudisha. Mzee Mizani yuko peponi. Yule mtu hupima hata peremende kabla ya kuila.

Nakuuliza jambo moja, unijibu wazi: mguu wako umewahi kulowa? Hata mara moja?

Mwanao akupendaye,
Chiriku


Tarehe 18 Aprili

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Jino la mtoto mwachie, ni mali yake. Huku mambo si haba. Baba yako kakubali hatimaye kumwita fundi wa bati, na sasa anasimama chini ya ngazi anamfundisha kazi. Fundi ameshuka mara mbili akitaka kuondoka. Bi Sauti alishikwa na homa, ikamlaza, nikamshikia zamu, lakini sasa ameamka na koo lake limerudi kama spika.

Umeniuliza habari ya maji. Mvua huku imekuwa chache.

Mguu ni mzima, sina la kulalamika. Kuna mkanda ulilegea kidogo, fundi viatu wa jirani akaurekebisha vizuri. Mteja mmoja mama mzee aliniuliza juzi, "Hivi wewe ule mguu wako ulikatwa upi?" Nikamwambia akisie. Akakisia mguu mzima! Nimecheka mpaka nikashika ukuta.

Ninapoamka asubuhi nikauvaa, jina lako ndilo la kwanza kunitoka mdomoni, kabla hata sijamsalimia mtu. Hilo ndilo nililotaka ulijue. Mengine ni maneno tu.

Shangazi yako mwenye deni la shukrani


Tarehe 9 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa homa ya Bi Sauti. Sisi wazima. Mtoto ameota jino jipya, limekaa upande kama mlango mbovu.

Vile vipande vyetu vimenenepa. Ndilo neno lake: vimekunywa, vikaongezeka uzito. Vilivyolala kwenye maji baridi vimekunywa polepole, na hapo hatukushtuka, tulitarajia. Ila vilivyo kwenye maji ya uvuguvugu vimekunywa kwa pupa. Tulipovipinda kwenye mashine vikasalimu amri mapema kuliko tulivyopenda. Joto linayafungulia maji njia. Nyuzi zikishiba zinavimba, zikivimba zinabanduka kwenye resini, na pale zilipobanduka maji yanapata chumba cha kulala.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Fundi viatu aliurekebisha mkanda vipi? Alitoboa? Na Bi Sauti alipougua, nguo alifua nani? Niliuliza kama mguu umelowa, ukanijibu habari za mvua. Nikikupigia simu unasema mtandao mbovu, unakata.

Nakuomba uufunge mguu kwenye mzigo wa basi uniletee niutazame. Nitakurudishia.

Chiriku wako


Tarehe 20 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Zaidi ya mwezi sijapata jibu. Baba kwenye simu ananiambia "Shangazi yako yupo," kisha anaanza kunisimulia bati. Baba yangu hajui kudanganya, anajua kubadilisha mazungumzo tu, kama mtu fulani ninayemfahamu.

Sikukwambia kitu kimoja, kwa sababu sikutaka kukubebesha mzigo. Watu ishirini wameshapimwa hapa. Mwezi ujao wanakabidhiwa miguu kama wako. Wa kwanza ni dereva wa lori, amekaa bila kazi tangu akatwe. Yuko pia mama anayepika shuleni, na msichana anayesomea uuguzi. Wanakuja kila wiki kutuuliza kama iko tayari.

Kuna ubishi kuhusu vipande vya maji ya uvuguvugu. Mimi nasema tungoje. Wengine wanasema beseni si maisha, hakuna binadamu anayekaa ndani ya maji siku nzima. Na kila ubishi ukipamba moto, mtu mmoja husema, "Lakini yule shangazi anauvaa tangu mwanzo wa mwaka na hajalalamika." Hapo wote wananitazama. Nami nainamia vipande vyangu, kwa sababu ni kweli, hujalalamika.

Chiriku


Tarehe 29 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Hii naandika nimekaa kitandani, mguu wa bandia hauko mwilini. Uko ndani ya basi unakuja kwako, nimeuzungushia shuka.

Wape salamu mtoto na babaye. Sasa nisikilize.

Kaunta ilinishinda wiki ya kwanza tu. Mimi ni dobi, Chiriku. Kusimama mbele nikiandika majina huku nyuma nasikia maji yanamiminwa, ni kama mpishi aambiwe akae mlangoni akate tiketi. Bi Sauti alipougua nikaingia chumba cha kufulia, na alipopona sikutoka. Sakafu ya kule ni maji, hewa ni mvuke, shuka zinatoka kwenye maji ya moto. Jioni niliuanika mguu karibu na jiko la pasi ukauke, asubuhi nikauvaa nikarudi. Niliona nimepata maisha yangu.

Mkanda ulipokatika, fundi viatu alitoboa matundu mawili kwenye kikombe akapitisha ngozi mpya. Kazi safi kabisa. Baada ya hapo kikombe kikaanza kunisugua. Pembeni ya matundu kulikuwa kama kiatu kilicholowa, ukibonyeza kinabonyea. Nikaweka kitambaa, kisha vitambaa. Kidonda kikatokea, nikakifunga. Siku ya kliniki nilimwambia muuguzi nimesahau kadi, nikarudi nyumbani.

Mwezi wa tano mwishoni tulikuwa tunakamua shuka, Bi Sauti ncha ile, mimi ncha hii, tunapokezana kuzungusha. Nikakaza mguu chini ili nivute. Kikombe kikapasuka kutoka tundu moja hadi jingine, kwa sauti ndogo tu, kama ya biskuti. Nikaanguka ubavu. Sufuria la maji ya moto lilikuwa limemwagwa punde tu, ndiyo salama yangu. Bi Sauti alipiga ukelele ambao mpaka kinyozi wa mtaa wa pili alikuja na mkasi mkononi.

Muuguzi alipofungua vile vitambaa aliita mwenzake aje atazame. Kisha akasema, "Mama, kidonda hiki kwa mtu mwenye sukari ni moto kwenye nyasi kavu. Ungekaa wiki nyingine, tungekuwa tunazungumza habari ya goti." Tangu siku hiyo nimelala. Baba yako ananiletea maji ya kunawa na hanikemei, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

Utauliza kwa nini sikusema. Nilijiambia: mtoto amenipa mguu, nami nimpe malalamiko? Na niliogopa. Niliona ukiuchukua hautarudi, nitarudi mimi kwenye kigoda.

Barua yako ya tarehe ishirini nilimsomea Bi Sauti. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, kwa sauti ya chini, sijui aliitoa wapi: "Sasa wewe unamshukuru mtoto au unamtega? Kesho huyo dereva akianguka, watasema shangazi hakulalamika."

Basi nalalamika. Mguu wako ulinipa furaha ambayo sitaisahau, na mguu wako ulinivunjikia. Yote mawili ni kweli. Usiwape wale watu.

Shangazi yako


Tarehe 15 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo, na pole, pole sana. Nimepiga simu kwa baba, sasa anasema yote bila kupitia kwenye bati. Ameniambia kidonda kimeanza kujaa nyama nyekundu safi. Nilikaa kwenye ngazi za karakana nikalia. Sikulilia kazi, nililia kidonda.

Mzigo ulifika. Mzee Mizani mwenyewe aliufungua, akaikunja shuka vizuri kabla ya kuutazama mguu. Tuliupima: ulikuwa umeongezeka uzito kuliko kipande chochote cha kwenye beseni. Tukaukata kwenye matundu. Pale fundi viatu alipotoboa, ncha za nyuzi zilibaki wazi, na katani ukiikata ncha inakuwa kama mrija, inavuta maji yenyewe. Ndani nyuzi zilikuwa zimevimba na kubanduka. Tukaona kosa letu jingine: ule unga wa udongo haukuchanganyika sawasawa. Mahali pengine ulifanya madonge kama uji uliokorogwa na mtu mwenye haraka, na penye donge maji hayakukuta ukuta, yalikuta shimo.

Vipande vyetu vya beseni havikutuambia hayo. Tulivifunga kingo vizuri, havikutobolewa, havikutoa jasho, havikuanikwa karibu na moto vikaloweshwa tena kesho yake. Hakuna aliyekuwa amevitesa kama maisha yanavyotesa.

Usimlaumu fundi viatu hata kidogo. Mguu usioweza kufika kwa fundi viatu ukarudi salama, si mguu wa kuwapa watu.

Mzee Mizani alikwenda moja kwa moja kwa wakubwa, ugawaji ukasimamishwa siku ile ile. Tukawaita waliokuwa wanangoja tukawaambia itachelewa. Mama mpishi alisema ahsante kwa kutuambia. Msichana alilia. Dereva alichukua magongo yake akatoka bila kuaga.

Sasa tunaanza upya. Nyuzi zinaoshwa kwa soda kali, ile ya kutengenezea sabuni, na kukaushwa kwenye tanuri kabla hazijaona resini. Unga unapungua, unakorogwa kwa muda mrefu. Nje panazungushwa tabaka la nyuzi za kioo, na matundu ya mkanda tunatoboa sisi, tunayavika pete za chuma na kuziba kingo zote. Kisha vipande vitaloweshwa, vitaanikwa, vitaloweshwa tena, kama ulivyofanya wewe. Kwenye ubao tumeliita zoezi hilo "Dobi".

Walioahirishiwa wanataka kujua sababu. Naomba ruhusa yako niwaeleze habari zako. Usipotaka, sitasema.

Shangazi, umenilea mara ya pili. Ahsante kwa kulalamika.

Chiriku


Tarehe 4 Agosti

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Waeleze. Waambie na vitambaa, na ile kadi ya kliniki ambayo haikusahaulika. Mwingine asije akaficha.

Kidonda kinafunga. Muuguzi amenisamehe, ananiita "mgonjwa mtoro". Bi Sauti analeta nguo za kushona vifungo huku huku kitandani na ananipigia kelele za umbea mpaka jirani naye anachangia kupitia ukutani. Sina upweke. Nilidhani kigoda kitaniua, kumbe kigoda chenye watu si kibaya.

Huyo dereva ananikaa moyoni. Kungoja ni kazi, nami nimemwongezea.

Shangazi yako, ninayetibiwa


Tarehe 22 Oktoba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nilifika salama kutoka huko kwenu, mizigo yote pamoja na kuku wa baba, ambaye sikumwomba. Mtoto amempa jina na sasa hakuna wa kumchinja.

Bado nakuona ulivyosimama juu ya huo mguu mpya niliokuletea, ukamwambia baba, "Sogea, unanizibia njia." Mzee Mizani nimemsimulia. Aligeukia dirishani kidogo, akasema kuna vumbi.

Nakukumbusha tuliyosema. Huu ni mzito kidogo kuliko ule. Na nao unakunywa, sitakudanganya, hakuna nyuzi za jani zisizokunywa kabisa. Lakini unakunywa taratibu sana, na tumeujua ukomo wake, hapo unashiba unatulia na nguvu zake zinabaki. Ukiingia chumba cha kufulia vaa lile buti refu la mpira. Kila mwezi mwone muuguzi. Ukikusugua hata kama unyoya, nilalamikie siku ile ile.

Jambo jingine. Dereva wa lori alipewa wake wiki iliyopita. Aliuvaa, akazunguka uwanja, akarudi akaniuliza duka lenu liko wapi. Hakusema anataka nini. Nilisita, lakini nikamwelekeza.

Mwanao,
Chiriku


Tarehe 19 Novemba

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Mpe pole kuku, maana huku baba yako anamuulizia kila siku kama mtu aliyesafiri. Sisi tu wazima kabisa, kigutu hakina alama, na buti la mpira Bi Sauti analionea wivu.

Dereva alikuja jana.

Nilikuwa kaunta. Nilimjua kabla hajasema, kwa kutembea kwake, ile namna ya kukanyaga kama mtu anayejaribu maji kwa kidole. Akasimama mbele yangu.

"Wewe ndiye shangazi wa yule fundi?"

"Ndiye mimi."

"Mimi ndiye dereva niliyengojeshwa."

Bi Sauti akaweka pasi chini. Nikamwambia, "Kaka, kama umekuja kunilaumu, chukua kiti kwanza, maneno mazito hayasemwi mtu amesimama kwenye mguu mgeni."

Akatikisa kichwa. "Nilikasirika, sikatai. Niliondoka pale bila kuaga. Nikakaa nyumbani siku nyingi nimenuna. Halafu nikajifikiria ninavyopanda ngazi ya lori, mvua inanyesha, mkono mmoja umeshika mlango. Ule mguu wa kwanza ungenitupa chini ya tairi langu mwenyewe. Na wewe ndiye uliyesema. Nimekuja kukwambia ahsante, dada."

Anamshukuru nani? Mimi!

Akafungua mfuko wake akatoa suruali nyeusi, ya sherehe. Mguu mmoja wa suruali ulikuwa umekunjwa kwenda juu na kushonwa kwenye goti, mshono wa mkono, wa mtu asiyetaka ufumuke. "Mke wangu aliushona hivi nilipotoka hospitali," akasema. "Ufumue. Kisha uifue, uipige pasi. Nataka mstari uonekane, miguu yote miwili."

Sikumpa Bi Sauti. Nimeifumua mwenyewe leo asubuhi, uzi mmoja mmoja. Upande uliokuwa umekunjwa ndani umebaki mweusi kama siku iliponunuliwa, haukuwahi kuona jua, na ule mwingine umepauka. Rangi sikuweza kuzilinganisha, nitamwambia hivyo hivyo ukweli wake. Lakini mstari, mwanangu, nimeupiga kwa mvuke na uzito wangu wote, nimesimama imara, kutoka kiunoni mpaka kwenye pindo. Miguu yote miwili.

Shangazi yako